Kidole cha Mama Kipimo

Kidole kidogo cha mkono wa kulia cha Mama Kipimo kimeingia katika vinywa vingi kuliko kijiko chochote cha mtaa wetu wa Makomeno. Kimeingia kinywani mwa mwanasheria mmoja ambaye leo hupita hapa na gari la vioo vyeusi. Kimeingia kinywani mwa padri wetu msaidizi, zamani hizo bado analia uchi. Watoto wangu wote sita wamekiuma au wamejaribu kukiuma, na watoto wangu, nakwambia, si watoto wa kujaribu mambo nusunusu. Lakini miaka yote aliyopima pale barazani, hakikuingia kinywani mwa mtoto hata mara moja kabla hakijanawa. Hata mvua inyeshe, hata mtoto awe wa nani. Alikuwa na kopo la bati, ndani yake kipande cha sabuni ya buluu, na jagi la maji yaliyochemshwa. Ananawa polepole mpaka kwenye kiwiko, ananawa kidole kile peke yake mara ya pili, anakikausha hewani akikiinua kama mtu anayetafuta upepo unatoka wapi. Ndipo anasema, "Fungua."

Alizaliwa wapi, sijui. Ukoo gani, sikumuuliza. Mtu anayekupima humuulizi, yeye ndiye anayeuliza. Nilimkuta tayari ni mzee mfupi mwenye kitambaa cheupe kiunoni na saa ya kubana kifuani iliyokufa zamani. Alikuwa amefanya kazi ya kusaidia wakunga miaka mingi, akastaafu, na siku ya pili ya kustaafu akaja kwenye ukumbi wa parokia na balansi yake, yaani mzani wa kutundika, akaufunga kwenye boriti ya baraza. Tangu hapo kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi akina mama walipanga foleni na watoto wao. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Mimi nami lazima unijue kidogo, la sivyo hutaelewa kwa nini alinitesa. Sikusoma sana. Nilifika darasa la nne. La tano lilinikataa, nami nikalikataa. Nilianza kwa kusukuma kinga, hizi baiskeli zetu, na magunia matano ya makala, yaani makaa, juu yake, kutoka porini mpaka mjini, nikipanda vilima ambavyo wenye diploma hawavipandi hata kwa gari. Leo nina mashine tatu za kusaga mahindi. Ukila bukari laini, yaani ugali, hapa Makomeno, uliza unga umetoka wapi, utaambiwa. Na katika mashine yangu ya kwanza kuna balansi ya kupimia magunia, balansi ya kweli, haijamwibia mtu hata punje. Kila Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajafika, huwa napanda mwenyewe nijipime. Mwanamume lazima ajue ana kiasi gani.

Basi Mama Kipimo aliniita jina ambalo halina heshima yoyote. Aliniita Papa Misumari, na kosa, nakiri, lilikuwa langu.

Ilikuwa kwa mtoto wangu wa kwanza, mvulana. Jirani yangu, muuza simenti, alikuwa na mtoto wa umri ule ule, na kila Alhamisi mtoto wa simenti alimshinda wangu kwa gramu. Gramu! Mimi niliyeshinda vilima, nishindwe kwa gramu! Nikachukua misumari, kama nusu kilo hivi, nikaishona kwa mkono wangu ndani ya pindo la koti la sufu, nikamvika mtoto, nikampeleka mwenyewe. Mama Kipimo alimpokea, akamtikisa kidogo kama mtu anayesikiliza yai.

"Vua," akasema.

"Mama, kuko baridi," nikasema. Ulikuwa mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi Lubumbashi hata mijusi hutafuta kivuli.

"Vua yote. Miye sipime manguo. Ninapima mutoto."

Koti likaanguka sakafuni. Halikuanguka kama koti. Lilianguka kama sanduku la fundi, na misumari minne ikatoka ikaviringika mpaka kwenye miguu ya mke wa muuza simenti. Mama Kipimo akaokota mmoja, akauangalia ncha na kichwa.

"Papa, huyu mutoto anakulaka misumari?"

Akina mama walicheka mpaka watoto wakaamka. Yeye hakucheka. Aliandika katika fishi, ile karatasi ya mtoto, uzito wa kweli mpaka gramu ya mwisho, akanirudishia misumari yangu imefungwa kwenye gazeti, akaniambia, "Siku moya nitakupima weye." Tangu siku hiyo nilimkwepa. Miaka yote aliponiona alinyosha mkono kwenye boriti, "Papa Misumari, kuya upande mu balansi," nami nilikumbuka ghafla kazi fulani mashineni.

Ukweli wake ulikuwa wa aina hiyo. Ulikukata lakini haukukuchafua. Kulikuwa na mama mmoja ambaye mtoto wake hakuongezeka, akaomba aandikiwe kidogo tu zaidi ili mumewe asimpigie kelele. Mama Kipimo, aliyeita uongo bongo kama sisi sote, akamwambia, "Nikisema bongo hapa, balansi itasikia." Halafu siku hiyo hiyo jioni alikwenda kwa mume, akaketi sebuleni bila kualikwa, akamweleza mwenye nyumba maziwa ya mama yanatoka wapi na makelele yanayapeleka wapi. Yule bwana mpaka leo anaongea taratibu.

Kuhusu meno sasa. Meno ndiyo yalikuwa elimu yake kubwa. Yule mvulana wangu, mwezi wa nne na nusu, alitoa mawili ya chini, katikati, meupe kama mchele. Nilizunguka naye mtaa mzima. Kila mteja wa unga nilimwambia, "Weka kidole hapa." Nilisema ni kwa sababu ya damu yangu, na kidogo kwa sababu ya unga wangu. Mama Kipimo alisikia, akaendelea kupima. Akaja mtoto wa pili, msichana. Mwezi wa tano, hakuna. Wa sita, hakuna. Wa nane, nikaacha kuongea kuhusu meno mbele za watu. Nikamvalisha shingoni punje ya hindi iliyotobolewa na uzi, dawa niliyoambiwa na mtu wa makala, ili meno yasikie aibu yatoke yamepangwa kama mahindi kwenye gunzi. Mama Kipimo akauona ule uzi, akaukata kwa mkasi wake bila salamu.

"Unataka hindi imunyonge mutoto?"

"Ni ya kuita meno, mama."

"Jino haiko kinga, Papa Misumari. Haisukumwe."

Halafu akaniketisha kwenye benchi, mimi mwenye mashine, kati ya akina mama wanaonyonyesha, akanifundisha kwa vidole vyake kama mtoto wa chekechea. Wengi huanza kwenye mwezi wa sita hivi. Wako wa mwezi wa nne, wako wanaongoja mpaka mwaka upite, na wote ni watoto, wote watakula nyama. Mara nyingi yale mawili ya katikati chini hutangulia, halafu ya juu yanafuata, halafu ya pembeni, na miaka mitatu ikikaribia yote ishirini yametimia. Akipita mwaka na nusu bila hata moja, ndipo mtu aende kwa dokta, na aende bila kulia. Nyama ya meno ikimuuma, kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, atafune. Usikate kwa wembe, usipake majivu, usipake chochote unachoona aibu kumwambia dokta.

"Na homa?" nikauliza, kwa sababu nyumbani kwetu kila homa ya mtoto ilikuwa meno.

Hapo uso wake ulibadilika. "Meno inaleta mate, inaleta kilio. Haileti malaria." Na siku ile ile, naapa, alimtoa kwenye foleni mama aliyesema mtoto wake "ni meno tu", akamgusa yule mtoto kwa nyuma ya mkono, akamwita mwenye pikipiki, akapanda naye mpaka lopitali, balansi ikabaki boriti bila mtu. Ilikuwa malaria kali. Yule mtoto leo anacheza mpira vibaya sana, lakini anacheza.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Aliwakataza watoto sukari kwa ukali wa polisi, na yeye mwenyewe alitia vijiko vitano kwenye chai. Nilimwambia, "Mama, na meno?" Akachomoa kinywani ubao wake wote wa juu, yaani meno ya kununua, akaniwekea mezani karibu na mkate. "Yangu ilishaenda. Inaogopa nini?" Alipokula bukari aliyatia mfukoni, alipotaka kugombana aliyarudisha.

Tena alicheka imani za wazee, kila imani, isipokuwa moja. Balansi ikiwa tupu na upepo ukiitikisa, aliacha kila kitu, hata mtoto wa mtu mkononi, akaenda kuishika mpaka itulie. Balansi tupu haiachwi ikitikisika, alisema, inaita mtoto asiyekuja. Nikamcheka, nikafurahi kumkamata. Akasema, "Ile njo yangu. Kila muntu eko na yake."

Nami nilikuwa na yangu, au tuseme mke wangu alikuwa nayo, na ndiyo ninayotaka kuieleza.

Mtoto wetu wa sita alikuja tukiwa tumeshafunga duka, kama wasemavyo. Msichana. Tulimpa jina la mama mkwe wangu wa Kilwa. Nasema Kilwa yetu, ya ziwa Mweru, ya samaki na barabara mbaya, si ile ya baharini. Kwetu kumpa mtoto jina la mtu si mchezo. Mtoto anakuwa majina yake, yaani wa jina lake, na yule mkubwa anamwita "majina yangu" na anampenda kuliko mama yake. Mama mkwe aliposikia alipiga vigelegele kwenye simu mpaka ikakatika. Akasema atakuja mwenyewe kuona jino la kwanza.

Jino halikuja. Mwezi wa tisa, wa kumi, kinywa ni uwanja mtupu. Nilishaelimika, sikuogopa. Mwezi wa kumi na moja, asubuhi moja, mke wangu alikuwa anamwogesha mtoto, mara nikasikia kimya. Mke wangu hana kimya. Nikaingia. Alikuwa amemfunika mtoto uso kwa taulo.

"Imetoka," akasema.

"Asante Mungu! Sasa unalia juu ya nini?"

"Ya juu, papa. Ya juu njo imetangulia."

Weye ambaye hukulelewa kwa hayo, nikueleze. Kwao upande wa ziwa, na kwa wazee wengi wa kwetu pia, mtoto anayetanguliza meno ya juu anaitwa kinkula. Walisema kinkula analeta balaa: jino lake likidondoka, mtu wa nyumbani anaondoka nalo. Zamani walifanya mambo ambayo sitaki kuyaandika. Siku hizi hawafanyi, wanakwenda misa, lakini mzee akiambiwa "kinkula" mkono wake unarudi nyuma wenyewe. Na mzee ambaye mtoto kama huyo amebeba jina lake, analichukua jina lake na kuondoka. Mke wangu alijua kwa sababu alimwona mama yake akimfanyia hivyo mtoto wa binamu. Yule mtoto aliitwa "wewe" mpaka akaanza shule.

Na mama mkwe alikuwa njiani. Alishapanda lori la samaki Kilwa siku iliyotangulia.

Ile barabara nimeilaani miaka yote, kwa Kiswahili na kwa Kiluba. Juma lile niliiombea iharibike zaidi. Nilikaa uani nikitazama mawingu kama mkulima. Ndege ikipita kwenda kutua Luano nilimwambia mke wangu, "Angalau hana pesa ya ndege." Huku kila saa tunamfungua mtoto kinywa kuona kama la chini litakuja haraka lifunike aibu ya la juu. Halikuja. Jino haisukumwe.

Nikaenda kwa Mama Kipimo na mfuko wa unga mweupe wa kwanza. Alimkagua mtoto baada ya sabuni yake yote. "Ya juu," akasema. "Ya chini bado, labda juma mbili. Jino muzuri, ngumu."

"Mama, andika mu fishi kama ya chini njo ilitangulia. Mama mukwe atauliza. Anaheshimu muntu wa karatasi."

"Hapana."

"Mama, mutoto atapoteza jina!"

"Papa Misumari, fishi yangu haijasema bongo. Haitaanza kwa jino." Akanirudishia unga wangu. Halafu akauchukua tena, akasema hiyo ni mambo mengine.

Mama mkwe alifika siku ya sita badala ya ya tatu, mwekundu wa vumbi kuanzia kilemba mpaka kucha, na kapu la samaki wakavu kichwani na mguu mmoja umevimba kwa kukaa juu ya magunia. Hata kabla ya maji ya kunywa, akanyosha mikono.

"Majina yangu iko wapi? Nione kinywa."

"Mama, mulifika muzuri? Barabara iko namna gani?" nikasema, nikisimama katikati kama beki.

"Barabara iko barabara. Kinywa."

Mke wangu akamtia mtoto ziwa mdomoni. Mtoto akashiba, nikamtia mkate. Mkate ukaisha, akalala, na usingizi wa mtoto hakuna anayeuamsha. Siku mbili nzima yule mtoto hakufunga mdomo wala hakuufungua. Alinenepa. Mama mkwe akaanza kunitazama kama samaki anayenuka. Jioni ile ya kwanza Mama Kipimo alikuja kuuona ule mguu uliovimba. Aliunyosha, akauweka juu ya kigoda, akaukanda, wakaongea habari za wazee, wakacheka, wakala bukari na wale samaki kwenye sahani moja, mkono kwa mkono, meno ya Mama Kipimo mfukoni. Mimi nilikaa kwenye kona nikingoja jino litajwe. Halikutajwa.

Kisha ikafika Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Mama mkwe akaamka kabla yetu, akajifunga mtoto mgongoni.

"Leo majina yangu nitamupimisha miye mwenyewe."

Tulimfuata kama watu wanaokwenda kusomewa hukumu. Baraza lilijaa. Muuza simenti na mkewe walikuwepo, kwa mjukuu wao, bahati yangu ilivyo. Mama Kipimo akanawa. Mpaka kiwiko. Kidole peke yake mara ya pili. Hewani. "Fungua." Na mtoto, aliyekuwa ameziba siku mbili, akafungua kinywa chote kama mlango wa kanisa, akalia, na pale juu, katikati, peke yake, jino. Lilimetameta. Hata aliyekuwa mwisho wa foleni aliliona.

Mama mkwe aliliona pia. Alifungua kitenge, akamshusha mtoto. Hakumpa mke wangu mkononi, hakunipa mimi. Alimweka kwenye benchi, kama kifurushi ambacho si chake, akafuta mikono.

"Huyu haiko majina yangu."

Mke wangu alipiga magoti pale pale kwenye simenti. Mtoto aliacha kulia, akainua mikono kumwelekea bibi yake. Bibi yake akatazama ukuta.

Mama Kipimo alimwinua mtoto, akamtundika, akasoma uzito kwa sauti ileile ya kila mwezi, akaandika. Akamtoa, akampakata. Balansi ikabaki tupu, ikitikisika na upepo. Hakuishika. Ndipo nikajua kuna jambo.

"Mama wa Kilwa," akasema, "juzi tulikula nini?"

"Bukari na samaki."

"Mu sahani ngapi?"

"Moya."

"Ulikufa?"

"Niko hapa, unaniuliza nini?"

"Mguu wako, nani aliukanda?"

"Ni weye."

"Mguu ulikatika?"

"Uliisha kuvimba."

Mama Kipimo akaingiza mkono kinywani, akachomoa ule ubao wa juu, akauweka kwenye benchi mbele ya mama mkwe. Uso wake ukaingia ndani kama kikapu kilichokaliwa.

"Miye niko kinkula," akasema. "Ya juu njo ilitangulia kuya. Ikatangulia na kwenda. Angalia hawa bantu bote. Kila muntu hapa, kidole ya kinkula iliingia mu kinywa yake. Batolee basi majina, bote, mupaka padri."

Halafu mke wa muuza simenti, Mungu ambariki, nasema hivyo mara moja tu, akasema, "Na wangu yuko ofisini." Mwingine akasema, "Na wangu Kolwezi, na gari." Wakaanza kucheka, kidogokidogo, kama mvua ya kwanza kwenye mabati.

Mama mkwe aliyatazama yale meno. Akamtazama mwenye meno. Akautazama mguu wake.

"Na mama yako, hakukutupa?"

"Alinibeba. Nilimuzika miye, na alikuwa muzee kukupita."

Mama mkwe akawaza. Nilimwona anawaza, alikuwa anatafuta mlango wa kutokea bila kuinama. Mara macho yake yakaangukia kopo la bati.

"Ah," akasema. "Njo maana unanawaka vile. Ni ile sabuni."

"Sabuni ni sabuni, mama."

"Ee, ee. Bantu ya dawa banasemaka vile." Akachukua kile kipande cha buluu, akakifunga kwenye pindo la kitenge chake, akafunga mafundo mawili. Kisha akanyosha mikono. "Lete majina yangu. Kinywa yake munaikausha na mikate ya juu ya nini? Mutoto anataka maji."

Alikaa kwetu mwezi mzima. Alirudi Kilwa na katoni ya sabuni ya buluu niliyomnunulia mimi, na nasikia kule ziwani sasa kuna watoto wa meno ya juu kadhaa walio safi kuliko wote. Siku ile Mama Kipimo alirudisha meno yake kinywani, akaenda kuishika balansi mpaka ikatulia, akanituma dukani nimletee sabuni nyingine, mbio, foleni inangoja.

Nilikuwa na swali tangu siku ile. Nilikaa nalo miaka sita. Mtu asiyesema bongo hata ya gramu moja, sawa. Lakini nani alimwambia jino lake gani lilitangulia, na kwa nini katika kucheka kwake kote imani za wazee hakuwahi kulitaja?

Mwaka huu alikwisha acha kupima watoto. Magoti yamekataa. Nilikwenda kumwona kwake na mfuko wa unga wa uji, kwa sababu ubao wa meno umevunjika na anasema hanunui mwingine kwa siku zilizobaki. Nilimchukua yule msichana wangu, sasa ana miaka saba, darasa la pili, wa kwanza darasani, anasoma namba zote, mwenyewe nimemuuliza. Meno mawili ya juu yamedondoka na hakuna aliyeondoka nayo. Bibi yake anasema watu wakubwa huanzia juu.

Mama Kipimo alikuwa barazani kwenye kiti cha plastiki. Karibu naye balansi ya kusimama, ile ya watu wazima yenye mshale, parokia ilimzawadia ya zamani. Tulikuwa bado getini, mtoto anacheka kitu chake, na yule mzee akaita:

"Jino ya nyuma, ile kubwa, inatoka. Upande wa kushoto!"

Nikamfungua mtoto kinywa. Kweli, ncha imechungulia. Macho ya yule bibi, bila miwani, kutoka getini.

Tukaketi. Nikamsifia kidogo unga wangu. Nikamweleza kuwa dokta amenitisha kuhusu mwili wangu na mke wangu sasa ananipimia bukari kwa kijiko, mimi mwenye unga. Kisha nikakohoa.

"Mama, niulize kitu. Ile siku ya mama mukwe. Ni kweli? Weye uko kinkula?"

Alifungua kinywa, ufizi wote mtupu, juu na chini sawasawa.

"Papa Misumari," akasema, "miaka yote unanikimbiaka. Panda."

"Mama, nimeuliza kitu."

"Na miye nimesema panda. Vua viatu."

Nikavua. Nikapanda. Ile Alhamisi ya misumari ilinirudia yote, nikasimama wima kama mtoto wa shule. Asubuhi ile ile, Jumamosi, juu ya balansi yangu ya magunia ambayo haijamwibia mtu punje, nilikuwa kilo mia na kumi na mbili. Mama Kipimo akainama, akausoma mshale vizuri, bila haraka.

"Mia na mbili," akasema. "Umeshuka muzuri. Umwambie muke wako akuongeze kijiko."

Binti yangu, ambaye anasoma namba zote, alikuwa amechutama mbele ya mshale. Akainua uso kwa Mama Kipimo, ambaye watoto wote humwita kambo, yaani bibi.

"Kambo, hapana! Iko mia na kumi na—"

"Fungua, nione ile jino," akasema Mama Kipimo, na kidole kikaingia. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kukiona kikiingia kinywani mwa mtoto bila kunawa.